Tembeeni Polepole Mpaka Ruzizi

Ansima wangu,

Umeenda Muhumba kumuaga shangazi yako, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Basi nina muda kidogo wa kuandika, maana jua la upande wa ziwa bado linaingia kwenye dirisha la cherehani. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako. Uisome leo kabla hujalala. Usiende kuisomea ndani ya basi la Kampala, kwa sababu kuna jambo moja ninalokuomba humu, na jambo lenyewe ni la kesho asubuhi.

Sitakuambia habari ya kuchemsha maji, wala ya kuficha telefone, wala ya wanaume wanaovaa saa kubwa. Hayo unayajua kunishinda. Na ukiona Kiswahili changu kimevaa viatu, usicheke. Kwa mdomo tunaongea chetu, lakini kalamu yangu inajua kile masista walichotufundisha sekondari, na mambo mazito siwezi kuyaandika kwa kingine.

Nianze na jambo linalonitia haya. Mimi nina furaha. Mji umekaa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni, benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, asubuhi tunaulizana kwanza nani hakulala kwake, na mama yako anaamka akitabasamu. Namsikia Mathias nyuma ya nyumba akipuliza moto wa makala ili nikute chai imeiva, na moyo wangu unaruka kama wa msichana aliyepewa barua ya kwanza darasani. Akipita nyuma yangu nikiwa nashona, ananigusa bega kwa kidole kimoja, halafu anaenda zake. Mshono wote unakwenda upande. Wewe uliiona ile sare ya mwanafunzi, ukasema, "Maman, sasa unashonaka kama mutu amelewa." Ni kweli, mwanangu. Nimelewa. Nilidhani mambo haya yalizikwa pamoja na baba yako, na kumbe yalikuwa yamelala tu, yakisubiri mtu mwenye suruali iliyochanika magoti.

Najua kusoma hivyo hakukufurahishi. Ila nikikuandikia giza tupu nitakuwa nimekudanganya, na kukudanganya nilikwisha kukudanganya. Nitafika hapo.

Unakwenda kusoma usalama wa dunia. Karatasi ya kukubaliwa ilipofika, maman Cikuru, jirani yetu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Usalama? Si baanzie hapa, tuone kama iko." Mimi nilicheka naye, halafu nikaingia ndani nikalia, kwa sababu wewe ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu anayekwenda kusoma jina la kitu kilichotuumiza.

Unakumbuka zile wiki ambazo hatukutoka nje? Ulikuwa ukikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unasoma vitabu vyako kwa sauti, na mimi natwanga majani ya sombe. Uliniambia kwamba juu ya mataifa hakuna polisi, kila taifa linalinda kichwa chake. Nikasema, "Kumbe dunia iko sawa na avenyu yetu." Ukacheka sana, ukasema mwalimu wako angenipa pointi zote. Siku nyingine uliniambia habari ya taifa linaloogopa, linanunua silaha za kujilinda, na jirani akiziona naye anaogopa, naye ananunua, mpaka wote wawili wanakuwa na hatari kubwa kuliko ile ya mwanzo, na hakuna aliyemkosea mwenzake. "Iko na jina, maman," ukasema. "Dilemme de sécurité."

Niliacha kutwanga. Ulidhani mkono umechoka, ukasimama kunipokea mchi.

Mkono haukuchoka. Nilikuwa naona ukuta wetu.

Baba yako alipofariki ulikuwa mdogo. Katika mji huu kila mtu amejiandaa kwa risasi, na mimi kilichonichukulia mume ni sukari. Ilimla polepole, kidole, mguu, macho, wakati redio ikisema habari za vikosi na mapatano. Hakuna mtu aliyekutana hotelini kuzungumza juu ya sukari. Alipoondoka, nyumba ilibaki na mwanamke, mtoto na cherehani, na wezi walikuwa wameanza kupita kwenye avenyu. Niliogopa. Sikuogopa jambo fulani, niliogopa tu, tangu magaribi mpaka asubuhi.

Kati ya parseli yetu, nyumba na ua wake, na ile ya maman Cikuru kulikuwa na mlango mdogo wa mbao, hauna kufuli, unafungwa kwa ndoana ya waya. Chumvi ilipita pale, na kaa la moto, na watoto. Nikipika maharage, wewe ulikuwa tayari kule unakula samaki. Nilimwita fundi, nikamwambia auzibe kwa matofali, na juu ya ukuta apange vipande vya chupa.

Maman Cikuru alikuja akasimama upande wake, fundi akiwa amefika nusu.

"Maman Ansima, ju ya nini unafunga?"

"Ju ya wezi, maman Cikuru."

"Wezi banapitiaka kwangu?"

"Hapana. Sijasema vile."

Sikusema vile, lakini fundi aliendelea kupanga. Mdomo wangu ulisema hivi na matofali yalisema vingine, na yeye aliamini matofali. Mwezi haukuisha, akapandisha ukuta wake juu ya wangu. Akaleta mbwa. Mbwa akatubwekea sisi. Mimi nikaweka lango la chuma. Yeye akawakataza watoto wake kukusalimu njiani, nawe ukaja kuniuliza umefanya kosa gani. Nikakujibu, "Bantu babaya, achana nabo." Ndivyo nilivyokufundisha usalama, Ansima, kabla profesa yeyote hajakufundisha.

Sasa nifike kwenye ule uongo.

Siku zile wanajeshi wa zamani walipokuwa wameondoka na wapya hawajaingia, mimi na wewe tulilala sakafuni kwenye kuluari, kile kijia cha kati ya vyumba, godoro tumeliegemeza mlangoni. Unakumbuka kulikuwa na kitu kinagonga, kikubwa, kwa zamu, upande wa jikoni. Uliniuliza, "Maman, nani anapiga?" Nikakujibu, "Ni risasi, lala." Haikuwa risasi. Lilikuwa jiwe. Nyumba ya maman Cikuru inatazama barabara, yetu iko chini kidogo, kilima kinaikinga. Alikuwa amesimama na watoto wake mahali palipokuwa na mlango mdogo, anagonga matofali ili nimfungulie. Nilijua ni yeye. Nilijua tangu pigo la kwanza. Lakini ukuta hauna ndoana ya waya, na lango langu la chuma lilikuwa upande wa barabara, na mimi nilikuwa na wewe mikononi. Mume wake, papa Cikuru, alitoka kuwarudisha watoto ndani, na risasi ikampata mkononi.

Umeuona ule mkono unavyoning'inia. Hukujua kwa nini walikuwa nje. Sasa umejua. Maman Cikuru alijua siku zote, na hajawahi kunirushia neno. Hilo ndilo linaloniwia zito kuliko matusi.

Mathias alikuja baada ya hapo. Alikuwa amekimbia vita kule Luberizi, akaacha shamba la mpunga likiwa limesimama, karibu kuvunwa. Alikuwa analala kwenye ukumbi wa parokia pamoja na wengine. Ulikuwa umeenda kwaya, kwa hiyo hukumwona siku ile ya kwanza. Alisimama mlangoni kama mti wa mkaratusi, ikabidi ainame ili tuonane.

"Mama, unaweza kushona hapa magoti?"

"Acha hiyo pantalon, utarudia kesho."

"Kesho nitarudia nimevaa nini? Njo hii moja iko."

Nikampa kitenge changu chenye samaki, akajifunga, akakaa nyuma ya pazia. Nilishona goti moja. Akaanza kulalamika kwamba mchele wa mjini unanukia gunia, kwamba watu wa Bukavu wanakula chakula cha wagonjwa na wanashukuru Mungu. Nilicheka peke yangu nje ya pazia. Mara nikasikia anaimba chinichini, sauti ya mtu asiyejua kama anasikika. Nikafumua lile goti, nikalishona upya. Mwanangu, nililishona mara tatu. Alipotoka alitazama magoti, akasema, "Hii sasa itanizika." Nikajua arudipo nitakuwa nimevaa hereni.

Ni yeye aliyeuliza kuhusu matofali yenye rangi tofauti ukutani. Nikamweleza yote, hata jiwe. Hakunipa wosia. Aliomba nyundo. Akaita juu ya ukuta, "Ba jirani, niko navunja huku. Musiogope."

Mbwa alibweka. Halafu sauti ya papa Cikuru ikajibu, "Vunja. Tuone sura yako."

Tofali la mwisho liliposhuka, wakaonana. Maman Cikuru alivuka siku ile ile na bakuli la dagaa, akaliweka juu ya cherehani yangu. Nilishindwa kumtazama. Papa Cikuru hakuvuka. Alibaki kwenye kiti chake anamtazama Mathias: urefu wake, uso wake, shingo yake. Nilimwona anapima.

Wewe unajua Mathias ni nani. Baba yake ni Mufuliru wa tambarare, mama yake alizaliwa Burundi, na magaribi huzungumza kwa telefone na mama yake mdogo aliyeko kambini huko Burundi. Anazungumza Kirundi. Mtu asiyezijua hizi lugha anasikia ileile ya watu walioingia mjini na bunduki. Papa Cikuru hazijui. Anakaa kwenye kiti kutwa nzima na mkono usiofanya kazi, na kila magaribi, kupitia mlango tulioufungua sisi wenyewe, anasikia sauti zile. Siwezi kumchukia. Kama ningekuwa na mkono ule, ningesikia nini?

Halafu ikaja ndoa. Misa ya asubuhi siku ya kazi, hakuna msururu wa magari yanayopiga honi mjini kama ndoa za watu, maana siku hizi ukikusanya watu unaitwa kujieleza. Nilivaa ile nguo ya bluu. Mathias alivaa shati la kuazima, mikono mifupi kwake, na alisema ndiyo chinichini, na mimi nilisema ndiyo kwa sauti mpaka padri akatabasamu. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu nikuzae. Mezani ulisimama. Uliongea taratibu, kama mtu anayejibu mtihani.

"Maman, mu cours banatuambiaka menace inatokaka inje. Wewe yako uliiingiza ndani ya nyumba, ukaipikia na fufu."

Ulimwita tishio, na Mathias aliendelea kukata tonge. Akalichovya, akala, akasema, "Fufu yenyewe iko muzuri." Watu wakacheka kama waliookoka ajali. Wewe hukucheka. Tangu siku ile humwiti jina, humwiti cheo. Unasema "ye." Unasema, "Mwambie ye aniachie nafasi."

Sikukukasirikia. Wewe umelala kwenye kuluari ile. Una haki ya kuogopa watu warefu wanaozungumza hivyo. Nilikuahidi sitakuomba umwite papa, jina la baba yako, na nilidhani muda utafanya kazi yake. Muda haupo tena, ndiyo sababu naandika.

Kuna mambo mawili hukuyajua kwa sababu niliyaficha.

La kwanza. Wiki tatu hivi zilizopita Mathias alichelewa kurudi kutoka sokoni, nikakuambia ameenda parokia. Alikuwa amesimamishwa na doria ya wakubwa wapya. Waliposikia ametoka tambarare walimwambia avue shati. Wanatazama bega, Ansima. Bega lenye kovu la mkanda ni bega lililobeba bunduki, basi wewe ni mpiganaji wa upande mwingine. Mathias ana kovu. Ni la magunia ya mpunga, miaka yote ile. Walilitazama, wakabishana, wakamweka chini juani mpaka mmoja wao, aliyelelewa mashambani, akasema hilo ni gunia. Wakamwacha. Alirudi, akanisaidia kukunja vitambaa, akaniambia baadaye kabisa. Hivyo huko anaonekana ni mtu wa huku, na huku anaonekana ni mtu wa huko. Mume wangu ni adui wa kila mtu na hajawahi kushika kitu kizito kuliko jembe.

La pili. Kuna ujumbe wa sauti unaotembea kwenye matelefone. Ulinifikia mimi mwenyewe, kupitia kikundi cha akina mama wa kanisa, umetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu. "Ku Nguba, kwa ile maman mushonaji, kuko mutu wabo. Kila magaribi anabapigiaka telefone, anabaelezaka. Muangalie." Haukusema jina. Haukuhitaji, mshonaji wa hapa Nguba ni mimi peke yangu. Mwisho wa ujumbe kuna kikohozi, na kikohozi kile nakisikia kila siku ng'ambo ya ukuta, kwenye kile kiti.

Nilifanya nini? Nilirudia kosa langu lilelile, kwa nguo nyingine. Nilimficha. Nilimwambia asikae mbele ya nyumba. Nilimwambia telefone azungumze kwa kunong'ona, chumbani, dirisha likiwa limefungwa. Alinitii kwa sababu ananipenda. Na watu wakasema: mnaona, sasa ananong'ona. Mnaona, sasa hatoki. Kila tofali nililopanga kumkinga lilikuwa ushahidi juu yake. Umri huu wote, na bado sijajifunza.

Jana, ulipokuwa umeenda kupiga picha za pasi, maman Cikuru alipita kwenye mlango mdogo, amefunika sahani kwa kitambaa. Sahani ilikuwa tupu. Ilikuwa ya kutembea nayo tu, ili akionwa aonekane analeta chakula.

"Maman Ansima, vijana ba avenyu banasema hivi: dimanche ikifika bamukute hapa, bo habataulizia tena."

"Vijana gani?"

"Vijana. Unabajua. Bale banakaaka na bwana yangu pale ku kiti."

"Na yeye papa Cikuru anasema nini?"

"Ye hasemi. Ye anaangaliaka chini tu. Lakini ye akisema 'hapana,' batasikia. Banamuheshimu, ju ya ule mukono."

Nilimshika mikono. Nikamuuliza kwa nini ananiambia, baada ya yote, baada ya jiwe.

Akatazama pembeni. "Nimekuja ju mulango iko," akasema. "Ungekuwa haiko, ningekuja namna gani?"

Akachukua sahani yake tupu akarudi.

Sasa nisikilize. Fundisho la tatu ulilonipa jikoni sikulielewa siku ile, na tangu jana nalizungusha kichwani. Ulisema, "Maman, menace haizaliwake ye peke. Mutu mwenye banasikilizaka anaisema, bantu banaitika, njo inakuwa." Ukaniambia wasomi wamebishana miaka mingi juu ya hilo. Mimi sikuhitaji miaka mingi, niliiona ikifanyika juu ya kiti cha plastiki, mita chache kutoka jikoni kwangu. Vitisho vya dunia vinabadilika, ulisoma hivyo pia, ndege zisizo na rubani, vilima vinavyoteleza na nyumba za watu, magonjwa ya maji. Kwetu safari hii tishio lilikuja kama kikohozi ndani ya telefone.

Swali langu ni hili, na huko uendako labda kuna kitabu chenye jibu: kama mdomo unaweza kumfanya mtu kuwa tishio, je, mdomo unaweza kumfanya tena kuwa mtu?

Kesho Mathias anataka kubeba sanduku lako. Ulisema utaita motari akubebe kwa pikipiki. Nakuomba usiite. Kutoka hapa mpaka mpakani si mbali, mtu anatembea. Mtatoka langoni, mimi nyuma yenu, kukiwa kweupe, si alfajiri, watu wakiwa wameamka. Mtapita mbele ya papa Cikuru, atakuwa amekitoa kiti chake mbele ya lango lake, amekaa na vijana wake, kama kila siku. Halafu mtashuka. Kwenye kona ya mwisho kabla ya daraja la Ruzizi Mathias atasimama, kwa sababu walinzi wa kizuizi cha daraja watamvua shati tena, na kovu lile sidhani litapata mtu mwingine wa kulisoma vizuri. Kutoka hapo mimi na wewe tutaliburuta wenyewe.

Mbele ya kile kiti, mwite papa.

Najua nilichokuahidi. Sikuombi umpende. Unamwita papa muuza makala. Unamwita papa mtu wa motari. Ulimwita papa yule mlevi aliyekukanyaga mguu sokoni, ukamwambia "Papa, pole," na ni yeye aliyekukanyaga. Neno hili tunalitupa barabarani kila siku kama maganda ya ndizi. Mpe moja. Liseme kwa sauti yako ya kwaya, ile inayofika mpaka nyuma ya kanisa. Sema chochote: "Papa, tupumzike kidogo." "Papa, sanduku inakulemea?" Na akujibu. Wamsikie anajibu kwa Kiswahili, kwa sauti nzima, mtu anayembebea sanduku mtoto wa avenyu hii, mtoto waliyemwona akitambaa. Wewe wanakujua. Juu yako hakuna anayenong'ona. Mimi nikisema, wanasema mapenzi yamenipofusha, na labda wana haki. Wewe wanajua hukumtaka. Kwa hiyo neno lako lina uzito ambao langu halina.

Na umwangalie papa Cikuru, umsalimu yeye kwanza. Umwambie unaondoka. Alikuwa akikuwekea kichwa cha samaki, zamani, kabla sijaziba mlango. Hajasahau. Mimi najua hajasahau, kwa sababu jana maman Cikuru aliniambia amekuwa akiuliza saa ngapi unaondoka.

Sijui kama litasaidia. Sitakuahidi kwamba neno moja linazuia vijana waliokwisha kukubaliana. Nimeishi huku kiasi cha kujua kwamba mara nyingi halizuii. Kama tutaona halikuingia, Jumamosi, siku moja kabla ya dimanche yao, mimi na Mathias tutashuka Luberizi, kwa miguu pale ambapo gari halipiti. Kule pia kuna bunduki, labda nyingi zaidi, lakini kule watu wanalijua bega lake. Usinililie. Nilizika mume mmoja, nikajifungia nyuma ya ukuta, na huyu nitakwenda naye popote, hata ndani ya tope la mpunga na viatu vyangu vya kanisani. Ndiyo, najisikia msichana. Najisikia msichana na nimejaa hofu mpaka kucha, na vyote viwili vinakaa chumba kimoja bila kusukumana.

Ufunguo wa nyumba utakuwa kwa maman Cikuru. Kama siku moja utapiga na telefone yangu haiiti, usirudi kututafuta. Mpigie yeye. Atapita kwenye mlango mdogo, atatazama, atakuambia ukweli. Si kama mimi kwenye kuluari.

Huko watakufundisha kupima nguvu za mataifa. Jifunze vizuri, mwanangu, pata pointi zote. Nakuomba tu, kila wakikuonyesha ramani yenye mishale inayoingia Bukavu, ujue kwamba chini ya mshale mmoja kuna mlango wa mbao, na mtu anayegonga kwa jiwe.

Jua limeshuka kwenye maji. Mathias yuko nyuma ya nyumba anatafuta kamba ya kulifunga sanduku. Amelinyanyua mara mbili ili kulizoea, akaliweka begani, lile lenye kovu, akazunguka nalo uani. Nimemuuliza kama ataweza. Amesema halina kitu, ni jepesi.

Nimelijaribu mwenyewe alipoingia ndani. Ni zito, Ansima. Tembeeni polepole.

Mama yako